Alama Isiyosoma: Uhakiki wa Uaminifu wa Matini ya Maisha ya Tippu Tip kwa Mizani ya Hashi Iliyojengwa katika Chipu

Ikisiri

Makala hii inahakiki uaminifu wa matini ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kitabu kinachosimulia safari za mfanyabiashara huyo kutoka pwani kupita Tabora hadi Manyema. Mizani iliyotumika ni ya hashi ya kielektroniki, hususan namna kanuni ya SHA-256 inavyojengwa ndani ya chipu. Hoja kuu ni kwamba alama ya hashi huthibitisha ufanano wa biti kuanzia pale ilipokokotolewa, wala haiwezi kuthibitisha usomaji uliotangulia. Kwa kuwa Maisha iliandikwa kwa hati za Kiarabu na kutufikia kwa hati za Kilatini kupitia mikono ya wengine, sehemu yenye utata zaidi katika historia ya matini hii iko nje ya ulinzi wa chipu yoyote. Makala inapendekeza kwamba watafiti wanaotumia nakala za kielektroniki waambatanishe alama ya hashi na maelezo ya isnadi ya matini, na kwamba majina ya watu na mahali pa Unyamwezi yasomwe upya pamoja na wenyeji.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekisoma kitabu cha Maisha kwa njia mbili. Wapo wanaokichukua kama chemchemi ya historia ya njia kuu ya misafara, na wapo wanaokiona kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Makundi yote mawili huanza na dhana moja ambayo haijadiliwi: kwamba matini iliyo mbele ya msomaji ndiyo matini aliyoiandika Tippu Tip. Dhana hiyo imezidi kupata nguvu katika miaka ya karibuni, kwa sababu wanafunzi wengi hawasomi tena kitabu cha karatasi bali faili la kielektroniki, na faili hilo huonekana kuwa kamili, lisilochakaa na lisilobadilika.

Swali linaloongoza makala hii ni jepesi kulitamka: nakala ya kielektroniki inaposemekana kuwa imethibitishwa, kilichothibitishwa ni kitu gani hasa? Ili kulijibu, yafaa kwanza kueleza kifaa chenyewe cha uthibitisho. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuazima vyombo vya uchambuzi kutoka isimu, historia na falsafa. Hapa tunaazima kutoka uhandisi wa saketi, na tunafanya hivyo si kwa ajili ya mfano wa kupamba hoja, bali kwa kuwa saketi hizo tayari zinashiriki katika utunzaji wa matini tunazozihakiki.

Tabora si mahali pa kubahatisha kwa uchunguzi huu. Katika karne ya 19 mji huo wa Unyanyembe ulikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapo kabla ya kugawanyika: wengine walielekea magharibi hadi Ujiji, wengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na wengine kusini-magharibi kuelekea ncha ya Ziwa Tanganyika na nchi zilizo mbele yake. Nguo, shanga, bunduki na pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliotekwa na kuuzwa walipita hapo pia. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Hivyo basi, habari za Tabora katika Maisha ni habari za ukoo wa msimulizi mwenyewe, na kila jina linalosomwa vibaya ni jina la mtu au mahali penye wazawa hadi leo.

2.0 Mizani ya Uhakiki: Hashi na Chipu Yake

2.1 Kanuni

Hashi ni matokeo ya kanuni ya hisabati inayopokea matini ya urefu wowote na kutoa namba ya urefu usiobadilika. Katika SHA-256, iliyowekwa rasmi na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2002, namba hiyo ina biti 256, yaani baiti 32. Iwe matini ni neno moja au kitabu kizima, alama yake ina urefu uleule. Kanuni inatakiwa kuwa na sifa tatu: isiwezekane kurudi kutoka alama hadi matini, ukipewa matini moja, isiwezekane kutunga nyingine yenye alama hiyohiyo, na isiwezekane kupata matini zozote mbili tofauti zenye alama moja. Neno “isiwezekane” hapa lina maana ya kwamba kazi hiyo ingehitaji muda na nguvu zisizo katika uwezo wa yeyote.

Tuchukue jina lenyewe la msimulizi. “Tippu Tip”, pamoja na nafasi iliyo katikati, ni baiti tisa, sawa na biti 72. SHA-256 hufanya kazi kwa vifurushi vya biti 512. Kwa hiyo jina hujazwa hadi litimize kifurushi: huongezwa biti moja yenye thamani ya 1, kisha sifuri 375, na mwisho nafasi ya biti 64 inayotaja urefu wa matini ya asili. Kifurushi hicho hugawanywa katika maneno 16 ya biti 32 kila moja, na kutokana na hayo hutengenezwa maneno 64, moja kwa kila mzunguko. Rejista nane hubeba hali ya kazi, na katika kila mzunguko yaliyomo huzungushwa, hulinganishwa biti kwa biti na kujumlishwa, mpaka mizunguko 64 itimie.

2.2 Ujenzi

Mhandisi anayeijenga kanuni hii ndani ya chipu hukabiliana na mambo ambayo mwanahisabati huyapita haraka. Kuzungusha biti hakumgharimu chochote, kwa sababu ni suala la kuelekeza waya kutoka nafasi hii hadi nafasi ile. Gharama imo katika kujumlisha. Ili kupata thamani mpya ya rejista ya kwanza katika mzunguko mmoja, yapasa kujumlisha namba saba za biti 32. Katika kila jumla, tarakimu inayobebwa huweza kulazimika kusafiri kutoka nafasi ya kwanza hadi ya mwisho kabla jibu halijatulia, na kasi ya chipu nzima huamuliwa na safari hiyo. Wahandisi wamebuni njia za kuifupisha. Mojawapo ni kuziweka kando tarakimu zinazobebwa na kuziunganisha mara moja tu mwishoni. Nyingine ni kujumlisha mapema, katika mpigo wa saa uliotangulia, zile namba ambazo tayari zinajulikana.

Baada ya hapo huja uamuzi wa umbo. Saketi inaweza kuwa na nakala moja tu ya mzunguko, ikitumiwa tena na tena kwa mipigo 64 ya saa au zaidi kidogo. Inaweza kubanwa zaidi, ifanye kazi kwa vipande vidogo vya neno, ichukue nafasi ndogo na umeme kidogo lakini ichelewe. Inaweza pia kutandazwa, nakala 64 za mzunguko zikafuatana kama watu wanaopokezana mzigo. Katika umbo hilo kifurushi kipya huingia na alama mpya hutoka katika kila mpigo, ila chipu huwa kubwa na hula umeme mwingi.

Maumbo haya yote yamo katika ukanda wetu. Pasipoti za kielektroniki za Tanzania, zilizozinduliwa mwezi Januari 2018, zina chipu isiyo na betri. Chipu hiyo hupata nguvu kutoka kwenye uga wa kisomaji kinachosogezwa karibu nayo, hivyo haiwezi kubeba saketi yenye ulafi wa umeme. Ndani yake mna orodha ya alama za hashi za taarifa za mwenye pasipoti, ikiwa imetiwa saini ya dola, na kisomaji cha mpakani huzikokotoa upya na kuzilinganisha. Kwa upande mwingine, katika Hifadhi ya Virunga mashariki mwa Kongo, kando ya kituo cha umeme wa maji cha Luviro, mashine za kuchimba Bitcoin zimekuwa zikifanya kazi tangu mwaka 2020. Chipu za mashine za namna hiyo hutandaza SHA-256 na kuirudia mara nyingi mno kwa kila sekunde. Kati ya ncha hizo mbili zipo simu za mkononi, ambazo nyingi zina prosesa yenye amri maalumu za kukokotoa SHA-256 moja kwa moja katika maunzi. Mwanafunzi wa Tabora anayesoma tasnifu kwenye simu huenda anacho tayari kifaa cha kuihakiki.

Jambo muhimu kwa uhakiki wetu ni sheria inayowafunga wajenzi wote hao. Ndani ya chipu wana uhuru mkubwa wa kupanga, kubana, kutandaza na kutanguliza. Nje ya chipu hawana uhuru hata wa biti moja. Matini fupi “abc” ni lazima itoe alama inayoanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad, iwe ndani ya kadi ndogo au ndani ya mashine kubwa. Mjenzi akipanga baiti kinyumenyume, au akikosea ujazaji kwa matini ya baiti 56 ambayo huhitaji kifurushi cha pili ilhali ya baiti 55 hutosha katika kimoja, saketi yake haitalalamika. Itaendelea kutoa namba zenye sura ya alama halali. Kosa hubainika kwa kulinganisha tu na mifano ya majaribio iliyochapishwa hadharani.

3.0 Safari ya Matini

Tukiipima historia ya Maisha kwa sheria hiyo, tofauti hujitokeza mara moja. Tippu Tip, akiwa Unguja katika uzee wake, aliandika habari zake kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, kwa ushawishi wa Heinrich Brode wa ubalozi mdogo wa Ujerumani. Brode aliyahamisha maandishi hayo katika hati za Kilatini, akayafasiri kwa Kijerumani, na yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1958 na 1959, W. H. Whiteley alitoa toleo la Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na mwaka 1974 François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye ufafanuzi mpana.

Kila mmoja wa hawa alikuwa, kwa lugha ya sehemu iliyopita, mjenzi wa umbo jipya la kitu kilekile. Lakini hapakuwa na mfano wa majaribio uliomlazimisha atoe jibu lilelile. Tena, kazi ya Brode ilihitaji hukumu katika kila mstari. Hati za Kiarabu, kabla ya waandishi wa Kiswahili kuafikiana juu ya alama za ziada, hazikuwa na herufi za kutosha kwa sauti za lugha hii. Sauti p mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b. V ilijificha nyuma ya f. Ch ilichukua nafasi ya sh. Irabu e na i zilishirikiana alama, vivyo hivyo o na u. Na ving’ong’o vinavyotangulia konsonanti, kama katika mb na nd, viliweza kuachwa. Msomaji mwenye Kiswahili hurudisha sauti hizo kutokana na muktadha. Huyajua maneno, kwa hiyo hayapotei.

Majina ya bara hayana kinga hiyo. Mtawala ambaye katika Maisha anaitwa Samu ndiye ambaye wanahistoria humwandika Nsama. Kutokana na matini ya Kilatini peke yake haiwezekani kuamua kama tofauti hiyo ilizaliwa katika sikio la msimulizi, katika mwandiko wake, au katika jicho la mhariri. Hali ni hiyohiyo kwa r na l, ambazo hubadilishana katika majina mengi ya ukanda wa magharibi. Urua ya Tippu Tip ni nchi ya Waluba. Msomaji wa pwani aliweza kukisia neno la Kiswahili, ila jina la kijiji cha Unyamwezi hukisiwa na yule tu anayekifahamu. Yumkini hapa ndipo matini ilipopotoka zaidi, na hapa ndipo wahakiki walipouliza kidogo zaidi.

4.0 Herufi kwa Msomaji, Herufi kwa Chipu

Jina la msimulizi linatoa ushahidi ulio wazi. Huandikwa Tippu Tip na huandikwa pia Tippu Tib, na wasomaji hawasiti kujua kuwa ni mtu mmoja. Mwenyewe anaeleza kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, na mlio hauna tahajia. Katika hati za Kiarabu zisizo na p, tahajia hizo mbili haziachani hata kidogo. Katika usimbaji wa kompyuta, herufi p na herufi b za Kilatini zinatofautiana kwa biti mbili tu kati ya nane. Lakini zikipitishwa katika SHA-256, “Tippu Tip” na “Tippu Tib” hutoa alama ambazo hazina uhusiano wowote unaoonekana: kwa wastani nusu ya biti 256 hutarajiwa kugeuka, kwa sababu kila mzunguko husambaza tofauti ndogo katika rejista zote.

Sifa hii ndiyo inayoipa hashi nguvu yake, na kwa mhakiki wa matini ndiyo inayoonyesha upofu wake. Chipu haina daraja la makosa. Kwake, kubadili p kuwa b ni sawa na kufuta sura nzima. Mhakiki, kinyume chake, kazi yake yote ni kupima daraja: tofauti ipi ni ya mwandiko, ipi ni ya lahaja, ipi inabadili maana, na ipi inamfuta mtu.

Mfano wa pili unahusu alama ndogo zaidi. Neno ng’ombe, na majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yenye ng’w, huandikwa na mtu mmoja kwa ritifaa iliyonyooka na mwingine kwa ritifaa iliyopinda. Macho hayaoni tofauti ya maana. Katika usimbaji wa Unikodi ulio wa kawaida leo, ya kwanza ni baiti moja na ya pili ni baiti tatu, kwa hiyo hata urefu wa faili hubadilika, na alama hubadilika yote. Tatizo hili huzidi pale watafiti wanapochapa upya miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kibodi ya Kiarabu hutoa kafu moja na kibodi ya Kiajemi au Kiurdu hutoa nyingine. Mwanzoni na katikati ya neno sura zake ni moja, lakini Unikodi huzihesabu kuwa herufi mbili, na hata taratibu zake za kusawazisha maandishi haziziunganishi. Wanafunzi wawili wanaweza kunakili ukurasa mmoja bila kosa lolote na bado alama zao zikakataana.

Kutokana na mifano hii inabainika kwamba hashi hukosea kwa pande mbili inapotumiwa kama mhakiki wa maandishi. Hukataa matini ambazo kwa msomaji ni moja, na hukubali bila swali matini iliyopotoka zamani mradi haikuguswa tangu ilipowekwa. Kosa si la kanuni wala la mjenzi wa chipu. Kosa ni kuiomba ithibitishe kisichokuwa kazi yake.

5.0 Utetera: Kulingana na Kuwa Kweli

Ndani ya Maisha kwenyewe limo tukio linaloonyesha kuwa Tippu Tip aliufahamu vizuri udhaifu wa uthibitisho wa kulinganisha. Katika sehemu inayosimulia kuingia kwake Utetera, anapata kwanza njiani habari za mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walitekwa zamani wakapelekwa Urua. Baadaye anajitokeza mbele ya watu wa nchi hiyo akidai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wa dada hao kwa upande wa mama yake. Majina aliyoyataja yalilingana na kumbukumbu ya wenyeji. Mzee akampokea kama ndugu, na utawala ukamwangukia mikononi.

Wahakiki wengi hulisoma tukio hili kama kielelezo cha ujanja wa msimulizi. Usomaji huo ni sahihi, ila haufiki mbali. Lililo zito kisanaa ni mpangilio wa habari: msomaji anaonyeshwa chanzo cha maarifa kabla ya kuonyeshwa matumizi yake. Mtawala wa Utetera anapewa majina peke yake. Msomaji anapewa majina pamoja na njia yalikopitia. Ndiyo maana mtawala anaamini na msomaji hawezi kuamini.

Mfumo wa kompyuta unaohifadhi alama ya hashi ya nywila hufanya kazi kwa namna ileile. Haumjui mtu aliye mlangoni. Hukokotoa hashi ya kile alicholeta, hulinganisha na kile kilichohifadhiwa, na vikilingana hufungua. Kama mgeni aliipata nywila kwa haki au aliokota habari njiani, saketi haina pa kulipima hilo. Kwa hiyo swali ambalo matini ya Tippu Tip inamfundisha msomaji kuliuliza, yaani “umeyajuaje?”, ndilo swali lililo nje ya uwezo wa chipu. Elimu ya hadithi katika Uislamu, ambayo ilikuwa sehemu ya mazingira ya wafanyabiashara hawa, ina jina la jibu la swali hilo: isnadi, mnyororo wa wapokezi, kila mmoja akitajwa na kupimwa uaminifu wake. Tippu Tip aliwanyima watu wa Utetera isnadi na akawapa msomaji wake. Sisi tunaonukuu Maisha bila kutaja toleo tunawatendea wasomaji wetu kama alivyowatendea watu wa Utetera.

6.0 Hazina za Tasnifu na Mipaka ya Ulinzi

Haimaanishi kwamba hashi haina manufaa kwa taaluma yetu. Hazina nyingi za vyuo vikuu huendeshwa kwa programu ya DSpace, ambayo kwa kawaida hukokotoa alama ya MD5 kwa kila faili linalopokelewa na inaweza kupangwa iikague alama hiyo mara kwa mara. Diski ikiharibika na biti moja ya tasnifu ikageuka, ukaguzi utagundua. Hii ni huduma kubwa, hasa kwa kuwa nakala za karatasi za tasnifu za zamani ni chache na huchakaa.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuharibika na kuharibiwa. MD5 ilibuniwa mwaka 1991, na mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha kwamba matini mbili tofauti zenye alama moja zinaweza kutengenezwa. SHA-1, iliyoifuata, ilivunjwa hadharani mwezi Februari 2017, pale watafiti wa CWI ya Amsterdam na kampuni ya Google walipotoa mafaili mawili ya PDF yenye sura tofauti na alama moja. PDF ndiyo namna tasnifu zinavyowekwa. Hatari yenyewe yapasa ielezwe kwa usahihi. Anayeandaa mafaili yote mawili mwenyewe anaweza kuwasilisha moja na baadaye kulibadilisha na jingine bila alama kutofautiana. Anayelikuta faili la mtu mwingine tayari lina alama ya MD5 hajapata bado njia nyepesi ya kutunga jingine la kulilingana.

Hatari nyepesi zaidi haihitaji hisabati. Alama ikihifadhiwa katika seva ileile iliyo na faili, mwenye uwezo wa kubadili faili ana uwezo wa kubadili alama. Pasipoti haikutegemea orodha ya hashi peke yake. Orodha hiyo ilitiwa saini ya dola, ili anayebadili picha ashindwe kutengeneza saini. Hazina ya tasnifu isiyotia saini orodha yake, wala kuiweka nakala mahali pengine, ina kinga dhidi ya diski mbovu na haina kinga dhidi ya mkono wenye nia.

Kwa matini kama Maisha, jambo hili si la kiufundi tu. Madai ya mipaka, ya koo za kitemi na ya nani alimuuza nani hutafutiwa ushahidi katika vitabu hivi. Nakala iliyobadilishwa jina moja inaweza kuingia katika tasnifu, tasnifu ikanukuliwa na nyingine, na hatimaye jina hilo likarudi Tabora likiwa na heshima ya chuo kikuu.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba kanuni moja ya hashi inaweza kujengwa kwa maumbo mengi ya saketi bila jibu kubadilika, kwa sababu maana ya “ileile” imeafikiwa hadi biti ya mwisho na mifano ya majaribio iko wazi kwa wote. Matini ya Maisha haikuwahi kupata mwafaka wa namna hiyo. Ilipita kutoka hati za Kiarabu hadi za Kilatini kwa hukumu za mtu mmoja, na uthibitisho wa kielektroniki tunaoutegemea leo unaanza baada ya hukumu hizo kutolewa.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, mtafiti anayenukuu matini ya kielektroniki ataje toleo na ukurasa, na kando yake aandike alama ya SHA-256 ya faili alilotumia. Kazi hiyo huchukua sekunde chache katika kompyuta au simu, na humwezesha msomaji kujua kama wanasoma faili moja. Pili, hazina za vyuo zihamie kutoka MD5 hadi SHA-256, orodha za alama zitiwe saini, na nakala za orodha hizo zihifadhiwe katika taasisi nyingine.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, paandaliwe toleo la Maisha ambalo kila jina la mtu na mahali pa Unyamwezi limewekewa isnadi yake: limeandikwaje na Brode, limeandikwaje na Whiteley, linaweza kusomwaje katika hati za Kiarabu, na linatamkwaje na wazee wa Unyanyembe na vijiji vya njia ya misafara. Wasomaji wa Kinyamwezi hawakuwa miongoni mwa waliohukumu tahajia hizo mwaka 1902, wala mwaka 1958. Chipu itaweza kulilinda toleo hilo likishakamilika, lakini majina yenyewe itabidi yaulizwe Tabora.